Biringani kama kitoweo: baga, mchuzi wa nazi na mapishi mengine ya nyumbani

Pwani, chakula hakijawa chakula mpaka kiwe na kitoweo. Wali upo, sima ipo, lakini swali la kila siku jikoni ni lile lile: leo tunakula na nini? Miezi ya kusi, bahari ikichafuka na vyombo vidogo vikashindwa kutoka, samaki huadimika na bei hupanda. Nyama nayo si ya kila siku kwa kila nyumba. Na watoto, wakishaona baga za mitaani, hawataki tena kusikia habari za mboga.

Biringani linaweza kuingia hapo pote. Tatizo ni kwamba wengi hulidharau. Husema linakunywa mafuta, huwa chungu, na likiiva huwa uji. Malalamiko hayo ni ya kweli, lakini yanatokana na namna linavyopikwa. Makala haya yanaeleza jinsi ya kulichagua, kulitayarisha na kulipika kwa njia tano, tukianza na baga.

Biringani ni nini

Biringani ni jamaa wa tungule, viazi na pilipili. Asili yake ni bara la Asia, na India limelimwa tangu zama za kale. Jina letu lina ndugu wengi: Waarabu huliita badhinjan, Waajemi bademjan, Wareno beringela. Kitabu cha mapishi kilichoandikwa Baghdad katika karne ya 10 tayari kilikuwa na mapishi yake mengi. Kwa hivyo hiki si chakula cha shida. Ni chakula cha mji tangu zamani.

Sokoni, iwe Kongowea au Marikiti, utakuta lile kubwa la mviringo lenye ngozi ya zambarau iliyoiva, lile refu jembamba, na vile vidogo vya duara ambavyo wauzaji wengi huviita ravaya. Kubwa linafaa baga na kuchoma, refu linafaa mchuzi, na dogo ni la kujaza. Usilichanganye na tunguja la porini, ambalo si la kupika.

Chagua lenye ngozi inayong'aa, zito mkononi kuliko linavyoonekana, na kikonyo chake kiwe bado kibichi. Libonyeze kidogo kwa kidole: likirudi mahali pake ni zuri. Lililofifia na kunywea lina mbegu ngumu za kahawia, na hapo ndipo uchungu ulipo. Nyumbani liweke kivulini penye hewa na ulipike ndani ya siku mbili tatu. Baridi kali ya friji huliharibu, likawa na madoa ya kahawia ndani.

Kwa nini linakunywa mafuta

Zaidi ya sehemu 90 kwa 100 ya biringani ni maji, na nyama yake imejaa vijinafasi vya hewa kama sifongo. Ukilitia bichi kwenye mafuta, vijinafasi vile hufyonza mafuta kabla biringani halijaiva. Mpishi huona karai imekauka, akaongeza mafuta, nalo likayanywa tena. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kina kalori 120 hivi, ilhali gramu 100 za biringani bichi zina kalori 25 tu. Vijiko vitatu vikishaingia, mboga nyepesi imekuwa chakula kizito, na chupa ya mafuta imepungua bure.

Dawa ni kuvivunja vijinafasi hivyo kwanza. Kuna njia tatu:

1. Chumvi. Kata vipande, nyunyiza kijiko kidogo kimoja cha chumvi kwa biringani kubwa moja, weka kwenye chujio nusu saa. Litatoa maji. Lisuuze haraka, likamue kwa mkono na ulifute kwa kitambaa safi.

2. Mvuke. Weka vipande juu ya maji yanayochemka, ufunike, dakika 8 hadi 10. Hii ndiyo njia bora kwa nyumba yenye mtu wa presha, kwani haihitaji chumvi.

3. Moto wa moja kwa moja. Lichome zima juu ya makaa au gesi. Hapa mafuta hayahitajiki kabisa.

Ukishalikata, biringani hugeuka rangi kwa sababu ya hewa. Kama hupiki papo hapo, lizamishe kwenye maji yenye ndimu.

Baga ya kipande

Hii ndiyo rahisi zaidi, inafaa siku ya haraka. Ni ya watu wanne.

Chukua biringani kubwa moja, likate miviringo yenye unene wa sentimita moja na nusu. Ikinyembamba zaidi ya hapo hupotea ndani ya mkate. Ikizidi, huiva nje na kubaki ngumu katikati. Itie chumvi kama tulivyoeleza, ifute. Changanya vijiko viwili vikubwa vya mafuta na kitunguu thomu kilichopondwa na pilipili manga, upake pande zote mbili. Kaanga kwenye kikaango kilichopata moto wa wastani, dakika 4 hadi 5 kila upande. Kisu kikiingia bila kuzuiliwa, limeiva. Biringani lisiloiva vizuri huwa kama mpira mdomoni, na hilo ndilo linalowakimbiza watoto.

Ndani ya mkate, juu ya kipande hicho, weka yai la kukaanga au jibini. Sababu tutaieleza chini.

Baga ya kababu

Hii inahitaji muda, lakini ndiyo inayoshika nafasi ya nyama ya kusaga. Inatoa baga nne hadi tano.

Vinavyohitajika: mabiringani mawili makubwa, kikombe kimoja cha pojo zilizochemshwa zikakauka maji, kitunguu kimoja kilichokatwa ndogo ndogo, chembe mbili za kitunguu thomu, pilipili mbichi moja, dania iliyokatwa, kiasi cha mkono mmoja, nusu kijiko kidogo cha jira iliyosagwa, yai moja, kikombe kimoja kisichojaa cha mkate mkavu uliosagwa, chumvi.

Toboa mabiringani kwa uma ili yasipasuke, uyachome ukiyageuza dakika 15 hadi 20, mpaka ngozi iungue na ndani kulainike. Yaache yapoe, uyamenye, uweke nyama yake kwenye chujio robo saa. Usiruke hatua hii, kwa sababu maji yanayobaki ndiyo yanayofanya kababu ipasuke karaini. Katakata nyama hiyo kwa kisu. Ponda pojo nusu nusu, nyingine zibaki nzima ili mtu apate kitu cha kutafuna. Changanya vyote, ukitia mkate uliosagwa mwishoni kidogo kidogo mpaka mchanganyiko ushikane mkononi. Ukiwa bado unanata, subiri dakika tano kabla ya kuongeza, kwani mkate huendelea kunywa maji.

Weka mahali pa baridi nusu saa. Finyanga bapa zenye unene wa sentimita mbili, ukaange kwa mafuta kidogo dakika 4 kila upande. Geuza mara moja tu.

Kama huna pojo, tumia maharagwe au mbaazi zilizobaki asubuhi, mradi mchuzi wake uchujwe wote.

Kuipanga baga

Choma mkate upande wa ndani kwanza, usije ukalowa. Kisha paka mtindi uliochanganywa na kitunguu thomu na ndimu, weka baga, halafu kachumbari iliyokamuliwa maji. Achari ya embe au chatini ya ukwaju hukaa vizuri hapa kuliko sosi tamu ya chupa, kwa sababu biringani lina ladha ya upole na linataka kitu kikali pembeni.

Biringani la nazi

Hiki ndicho kitoweo cha wali. Kata mabiringani mawili marefu vipande vya urefu wa kidole, uyapitishe kwenye mvuke. Kaanga kitunguu mpaka kigeuke rangi, tia kitunguu thomu, kisha tungule mbili na nusu kijiko kidogo cha manjano. Tungule zikiiva, mimina kikombe kimoja na nusu cha tui la pili, uache lichemke dakika 10 lipungue. Tia biringani, dakika 5 zaidi. Mwisho mimina nusu kikombe cha tui zito, punguza moto na ukoroge polepole. Likichemka kwa nguvu hukatika, mafuta yakaelea peke yake. Epua, kamulia ndimu.

Ukipata ng'onda kidogo, mrowanishe, umwoshe chumvi na umtie pamoja na tui la pili. Mayai ya kuchemsha pia yanafaa.

Biringani la kuchoma, njia mbili

Lichome kama la kababu, ulimenye, uliponde. Kutoka hapo chagua njia. Majirani zetu Wahindi huliita bharta: kaanga jira, kitunguu, tangawizi, pilipili mbichi na tungule, kisha tia biringani lililopondwa na ulikaushe motoni. Linaliwa na chapati. Waarabu huliita mutabbal: changanya na ufuta uliosagwa, kitunguu thomu, ndimu na chumvi, umwagie mafuta ya zeituni juu. Linaliwa baridi, na mkate. Yote mawili yanataka ule moshi wa makaa, kwa hivyo jiko likiwa tayari limewashwa kwa kazi nyingine, tupia biringani juu yake.

Bajia za biringani

Hizi zinajulikana, hasa wakati wa futari. Changanya kikombe kimoja cha unga wa dengu na maji kidogo kidogo mpaka uwe mzito kama wa kupaka mgongo wa kijiko. Tia chumvi, jira, pilipili na dania. Kata biringani miviringo ya nusu sentimita, uifute, uichovye. Jaribu mafuta kwa tone la unga: likipanda juu haraka, anza. Mafuta yaliyopoa ndiyo yanayofanya bajia zilowe. Usijaze karai, kwa sababu kila kipande kinachoingia hupunguza moto.

Vidogo vya kujaza

Chukua vinane. Pasua kila kimoja msalaba kutoka chini, ukiacha kikonyo kishike. Changanya nusu kikombe cha karanga zilizokaangwa na kutwangwa, vijiko vitatu vikubwa vya nazi iliyokunwa, kijiko kidogo cha giligilani iliyosagwa, nusu ya jira, pilipili, chumvi, sukari kidogo na kijiko kimoja cha maji mazito ya ukwaju. Shindilia ndani. Panga kwenye sufuria yenye kijiko kimoja cha mafuta na nusu kikombe cha maji, funika, moto mdogo, dakika 20 hadi 25. Vigeuze mara moja.

Jambo ambalo biringani haliwezi

Hapa ndipo penye hatari ya kudanganyana. Biringani linaweza kuchukua nafasi ya nyama mdomoni, lakini mwilini haliwezi. Gramu 100 zake zina protini gramu moja hivi. Pojo zilizochemshwa, uzito huo huo, zina gramu 7. Mama akimpa mtoto baga ya biringani tupu akidhani amempa mbadala wa nyama, mtoto atashiba lakini hakupata alichokusudiwa. Ndiyo maana karibu kila pishi hapa lina mwenzake: pojo, yai, jibini, ng'onda, karanga, unga wa dengu. Biringani lenyewe linaleta nyuzinyuzi, ladha na wingi wa chungu. Mwenzake ndiye anayejenga mwili.

Mwenye presha apike kwa mvuke na apunguze achari. Mwenye sukari ajue kwamba mzigo wa baga uko kwenye mkate zaidi kuliko kwenye biringani, kwa hivyo anaweza kula kababu na kachumbari bila mkate. Na mtu anayewashwa mdomo au koo kila akila biringani aliache na amwone daktari.

Likiharibika, tazama hapa

Limekuwa uji: lilikatwa nyembamba mno au lilichelewa kuepuliwa. Liponde, utie jira na tungule, lile kama bharta.

Limejaa mafuta: lilitiwa bichi kwenye mafuta yasiyopata moto. Liweke kwenye chujio likiwa bado na joto, litatema sehemu yake.

Ni chungu: lilikuwa limezeeka. Toa mbegu, litie chumvi nusu saa, ulipikie ukwaju au nazi.

Kababu inapasuka: maji yalibaki. Ongeza mkate mkavu kijiko kimoja, upumzishe tena kabla ya kukaanga.

Kwa anayeanza, pishi la kwanza liwe biringani la nazi, kwa kuwa halina siri zaidi ya mvuke na moto mdogo. Baga ya kababu iwe ya Jumamosi, watoto wakiwa nyumbani kukuna, kuponda na kufinyanga. Aliyefinyanga baga kwa mkono wake hukubali kuionja.