Mbu Hapigi Hodi

Ndugu msikilizaji, na wewe ndugu msomaji utakayeyakuta maneno haya gazetini, leo naomba tuzungumze habari za paka. Usicheke mapema. Mimi nilicheka, nikajuta.

Majuma matatu yaliyopita mdogo wangu wa kike, anayeishi Houston katika jimbo la Texas nchini Marekani, alinipigia simu. Anafuga paka mmoja, nyau wa kochini, asiyejua panya wala umande. Daktari wa wanyama amemshauri ampe paka huyo dawa ya kuzuia minyoo ya moyo kila mwezi, mwaka mzima. Mdogo wangu hakuridhika. "Kaka," aliniuliza, "huyu hatoki nje. Minyoo ataitoa wapi? Si wananitafutia hela tu?"

Ndipo nilipocheka. Kwetu Pangani paka hupewa mifupa ya samaki, na akizidisha udokozi hupewa fagio. Lakini baada ya kuweka simu chini nilimkumbuka babu yetu. Mguu wake wa kulia ulikuwa umevimba kwa matende, na hadi anaingia kaburini aliamini kwamba alitegewa kitu njiani akakikanyaga. Hakujua kwamba ugonjwa ule aliletewa kitandani mwake, amelala, mlango umefungwa kwa komeo.

Elimu hiyo ilichukua muda kupatikana. Mwaka 1877, katika mji wa Amoy nchini China, daktari Mskoti aitwaye Patrick Manson aliwalisha mbu damu ya mtumishi wake aliyekuwa na vijiminyoo vya matende. Alipowapasua mbu wale aliviona vijiminyoo vikikua ndani yao. Ulikuwa uvumbuzi mkubwa, lakini Manson alikosea hatua ya mwisho. Alidhani mbu akishataga hufia majini, na binadamu hupata minyoo kwa kunywa maji yale. Kosa hilo lilidumu zaidi ya miaka 20.

Mwaka 1900 ndipo ukweli ulipokamilika. Huko London, George Carmichael Low alionyesha vijiminyoo vya matende vikiwa njiani kutoka katika mdomo wa mbu, tayari kuingia mwilini kwa kuumwa. Mwaka huohuo Waitaliano Grassi na Noè walithibitisha jambo hilohilo kwa minyoo ya moyo ya mbwa. Kwa hiyo mnyoo uliomlemaza babu na mnyoo anaouogopa daktari wa Houston ni jamaa wa ukoo mmoja, na wote husafiri kwa gari moja.

Laiti Manson angekuwa sahihi, mdogo wangu angemnywesha paka wake maji safi na kulala usingizi. Lakini ikiwa ni kuumwa na mbu, swali la kama paka anatoka nje halitoshi. Swali ni kama mbu anaingia ndani.

Mnyoo huu kwa asili ni wa mbwa, lakini mwaka 1921, nchini Brazil, uliripotiwa ndani ya paka. Baadaye wataalamu wa North Carolina, Marekani, walichunguza paka 50 waliougua kati ya mwaka 1985 na 1997. Asilimia 27 yao walikuwa wa kukaa ndani tu. Hapa tuwe waangalifu. Nilipokuwa nasomea stashahada ya uandishi wa habari, mwalimu wetu alituzoesha kuuliza: asilimia ya nini? Hesabu hii haisemi kwamba robo ya paka wa ndani wataugua. Inasema kwamba miongoni mwa wagonjwa, zaidi ya robo walikuwa wa ndani. Ukuta hupunguza hatari, hauiondoi.

Msikilizaji atasema: basi akiugua atibiwe. Hapo ndipo penye uzito. Mbwa anaweza kubeba makumi ya minyoo, na ipo sindano ya kuiua iliyokomaa. Paka mara nyingi huwa na mmoja hadi mitatu, lakini hata mmoja waweza kumuua ghafla. Vijiminyoo vikifika mapafuni humkohoza, na mwenye paka hudhani ni pumu. Vipimo navyo huweza kuukosa ugonjwa, kwa sababu minyoo ni michache. Na ile sindano ya mbwa ni hatari kwa paka. Daktari hubaki kumtuliza mgonjwa na kungoja.

Dawa ya kinga nayo ina historia inayotuhusu. Miaka ya 1970 mtaalamu wa Kijapani, Satoshi Omura, alichota udongo huko Kawana, akapata kijidudu kisichoonekana kwa macho. Kampuni ya Merck ya Marekani, alikokuwa William Campbell, ikatoa humo dawa ya ivermektini. Ilianza kuuzwa mwaka 1981 kwa ajili ya mifugo. Mwaka 1987 iliruhusiwa Marekani kuzuia minyoo ya moyo ya mbwa, kidonge kimoja kwa mwezi, na mwaka huohuo Merck ikatangaza kuitoa bure kwa binadamu wenye usubi. Kampeni ya kutokomeza matende Tanzania ilipoanza kisiwani Mafia mwaka 2000, ivermektini ilikuwa mojawapo ya dawa zilizogawiwa. Babu hakuifikia. Omura na Campbell walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015.

Basi nilimjibu mdogo wangu kwa maswali matatu. Je, unakoishi kuna mbu? Je, kuna mbwa wenye ugonjwa huo? Je, paka akiugua ipo tiba? Houston ni joto na unyevu, mbu wamejaa, ugonjwa upo, na tiba hakuna. Mpe dawa. Anayeishi kwenye baridi kali hesabu yake ni nyingine, kwa maana kijiminyoo hakikui ndani ya mbu joto likiwa chini ya nyuzi 14. Huyo amuulize daktari wake ni miezi gani inahitaji kinga. Wala mtu asimkatie paka kidonge cha mbwa kwa kukisia. Kipimo cha paka ni tofauti.

Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia, "Kaka, kumbe babu hakutegewa."

Hakutegewa. Aliumwa na mbu, na wakati ule hakuna aliyemwambia. Mdogo wangu ameambiwa mapema.

Hadi juma lijalo, kwaherini.