Mbio za Miti: Historia ya Ifakara Isiyo Vitabuni

Sisi tuliosoma katika Bonde la Kilombero tulifundishwa darasani kwamba historia hupatikana kwa njia tatu: maandishi, masimulizi ya wazee na mabaki ya kale. Mimi naomba kuongeza njia ya nne, nayo ni miti. Mti mkubwa ni shahidi aliyekuwapo. Hausemi, lakini mahali uliposimama, aina yake na unene wake hueleza ni nani alipita hapo, alitafuta nini, na aliacha nini.

Katika makala haya napendekeza njia moja ya mbio za nyika ndani ya mji wa Ifakara na pembezoni mwake, ambayo wanafunzi wa sasa wanaweza kuikimbia asubuhi moja huku wakisoma historia. Wazee wenzangu, ambao matumbo yametutangulia, tunaweza kuitembea. Inafaa ikimbiwe wakati wa kiangazi, kwa sababu kati ya Machi na Mei maji ya mafuriko hutawala sehemu kubwa ya bonde letu.

Tuanzie stesheni ya TAZARA. Reli hii yenye urefu wa kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, ilijengwa kwa msaada wa China kati ya mwaka 1970 na 1975, na ikakabidhiwa rasmi mwaka 1976. Kabla yake, masika yalipofunga barabara, mazao ya bonde hili yalikwama. Reli ilifungua soko la mpunga wetu. Ilifungua pia njia ya mbao, na hapo ndipo habari ya miti inapoanza kuwa nzito.

Kutoka stesheni tuingie mjini, tuitazame miembe. Mwembe si mti wa asili wa Afrika. Ulitoka Asia, ukavuka Bahari ya Hindi pamoja na biashara, na ukaingia bara kwa njia za misafara. Wasafiri walihitaji kivuli na chakula, kwa hiyo miembe ikaota mahali pa kupumzikia. Kule Ujiji, Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871, kumbukumbu ya siku ile imeunganishwa na mwembe mpaka leo. Nasi huku, ukiona mwembe mkongwe mahali pasipo na nyumba ya zamani, uliza: palikuwa na nini hapa?

Tukifika maeneo ya Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, tutakuta mijohoro na miarobaini ya kivuli. Hii nayo ni miti ya Asia, iliyosambazwa na serikali za kikoloni na misioni katika miji yetu mingi. Hapa pana historia nyingine ya kujivunia. Mwaka 1957 Profesa Rudolf Geigy wa Basel, Uswisi, alianzisha hapa Ifakara maabara ndogo ya utafiti wa magonjwa ya nchi za joto. Kutokana na mbegu hiyo ikakua taasisi inayojulikana leo kwa jina la Taasisi ya Afya ya Ifakara, ambayo utafiti wake wa malaria na vyandarua unasomwa duniani kote.

Hata hivyo isidhaniwe kwamba historia ya mji huu ilianza na waliokuja kupanda. Agosti 1905, katika Vita vya Maji Maji, wapiganaji wa bonde hili waliishambulia na kuiteketeza ngome ndogo ya Wajerumani iliyokuwa hapa Ifakara, kisha wakaelekea Mahenge. Huko tarehe 30 Agosti walikutana na bunduki za rashasha. Wambunga na Wapogoro waliokufa siku ile hawakuachiwa majina juu ya mawe. Baadhi ya miti ya asili iliyosalia bondeni yawezekana kabisa ilikuwa imesimama tayari wakati huo.

Sasa tushuke Mto Lumemo. Kingoni mwa mito yetu ndipo penye mikuyu, na mkuyu ni mti wa wenyeji: hutoa matunda kwa ndege na nyani, na hushika udongo wa kingo usichukuliwe na maji. Kutoka hapo tukimbie hadi Kivukoni. Kwa miaka mingi hapo ndipo safari ya kwenda Mahenge iliposimama kungoja kivuko, hadi lilipojengwa daraja lenye urefu wa mita 384, lililofunguliwa rasmi mwaka 2018. Ukisimama hapo na kutazama uwanda wa mafuriko, utaona mivumo, ile mitende mirefu yenye majani kama pepeo. Mto Kilombero unaopita chini yako utaungana na Luwegu na kuitwa Rufiji.

Nimeuacha mwisho mti ulio mkuu kuliko yote, yaani mvule. Mbao zake ni ngumu, hazishambuliwi kirahisi na mchwa, na kwa ajili hiyo zimetengeneza milango, madawati na mitumbwi kwa vizazi vingi. Lakini yapo mambo mawili kuhusu mvule ambayo kila mwanafunzi wa bonde hili yampasa kuyajua.

La kwanza, mvule una dume na jike. Mti mmoja hutoa maua ya kiume, mwingine hutoa matunda, na upepo ndio unaobeba chavua kati yao. Popo hula matunda na kusambaza mbegu. Kwa hiyo mvule jike ukibaki peke yake, baada ya wenzake kukatwa, hautaacha kizazi hata ukiishi miaka mia. La pili, miche ya mvule hushambuliwa na mdudu mdogo anayevimbisha machipukizi yake hadi yaoze. Ndiyo sababu majaribio mengi ya kuupanda katika mashamba makubwa barani Afrika hayakufanikiwa. Badala yake, kuanzia mwaka 1992, bonde letu lilipata mashamba makubwa ya mitiki, mti mwingine wa Asia.

Ndugu msomaji, hebu sasa tazama kwa pamoja yale tuliyoyapita. Mwembe, mjohoro, mwarobaini, mtiki: yote ililetwa na kupandwa kwa mkono wa mtu, nayo inaongezeka. Mkuyu, mvumo, mvule: haikupandwa na mtu, nayo inapungua. Simlaumu aliyepanda. Ninachosema ni kwamba tumezoea kuuhesabu mti uliopandwa kuwa ni mali, na ule uliojiotea kuwa ni kichaka tu. Mwaka 1980 taifa lilianzisha kampeni ya Misitu ni Mali. Somo lile bado halijaisha.

Katika utumishi wangu nimepitisha mikononi mafaili mengi ya ardhi. Kiwanja kina namba, kina ramani, kina hati. Mti uliokuwapo kabla ya kiwanja hicho hauna hata mstari mmoja. Mji unapopanuka na barabara zinapopanuliwa, mti usioandikwa popote hukatwa bila mtu yeyote kuulizwa. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inatoa uwezo wa kutangaza miti iliyohifadhiwa, lakini sheria haiwezi kumlinda asiyejulikana alipo. Wenzetu wa Nairobi walitupa mfano. Mwaka 2020, mkuyu mkongwe ulio kando ya Barabara ya Waiyaki ulikuwa umepangiwa kuondolewa kupisha barabara mpya. Wananchi walipaza sauti, na Rais akatoa amri ubaki. Uliokolewa kwa sababu watu waliujua.

Wazee walisema penye miti hakuna wajenzi. Sisi tusiwe mfano wa methali hiyo. Nawaomba wadogo zetu mlioko shuleni mfanye mambo matatu. Mosi, kimbieni njia hii kila muhula, na kila kikundi kichague miti yake. Pili, pimeni mzingo wa kila mti kwa futi kamba, katika kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini, mwandike mahali ulipo na tarehe ya kupima. Tatu, waulizeni wazee jina lake kwa Kindamba, Kipogoro, Kimbunga au Kibena, na kilichowahi kufanyika chini yake. Nasi wanafunzi wa zamani tununue daftari lenye jalada gumu, tuwakabidhi, na kila mwaka gazeti hili lichapishe ukurasa mmoja wa daftari hilo.

Mwaka 2025 Alphonce Simbu alituletea medali ya dhahabu ya dunia ya marathoni kutoka Tokyo, kwa hiyo sababu ya kukimbia mnayo. Mkipita penye mvule, simameni kidogo, mpime, muandike. Kisha endeleeni na mbio.