Baraza la madiwani likikaa, hela ya mji wako inapitia wapi?

Ukishuka basi kwenye stendi ya mji mdogo, mara nyingi safari ya kwanza ni chooni. Unalipa mia mbili au mia tatu, unaingia, maji hakuna. Unatoka umekasirika na hasira yote inamwangukia dada wa mlangoni.

Kumbe yule dada hana bajeti. Habari ya choo kile iliamuliwa, au iliachwa, kwenye kikao ambacho huenda hata hukusikia kwamba kilikaa. Basi tukifuate hicho choo, maana ukielewa njia yake umeelewa karibu kila kitu cha halmashauri.

Nani ni nani

Tanzania Bara ina halmashauri 184. Sita kati yake ni majiji, zingine ni manispaa, miji na wilaya. Korogwe, Makambako, Babati, Tunduma na Masasi ni halmashauri za mji, zile ndogo za mijini. Zote za mijini zinaendeshwa kwa Sheria Na. 8 ya mwaka 1982, na mambo ya fedha yako kwenye Sheria Na. 9 ya mwaka huohuo.

Baraza la madiwani lina diwani mmoja kutoka kila kata, madiwani wa viti maalum na mbunge wa jimbo. Wanamchagua mwenyekiti miongoni mwao. Kwenye manispaa na jiji huyo anaitwa meya.

Mkurugenzi yeye hachaguliwi na mtu wa mji. Anateuliwa na Rais, ndiye katibu wa baraza, na ndiye anayesimamia watumishi na malipo ya kila siku. Hapa ndipo wananchi wengi wanapochanganya mambo. Diwani ndiye aliyeahidi choo jukwaani, lakini fundi halipwi na diwani. Diwani anaweza kupitisha, kuhoji na kubana. Kulipa ni kazi ya ofisi ya mkurugenzi.

Kikao chenyewe

Baraza la kawaida hukaa kila robo mwaka, mara nyingi siku mbili. Siku ya kwanza kila diwani anasoma taarifa ya kata yake: darasa limefika kwenye lenta, zahanati haina mganga, taka hazijazolewa. Siku ya pili zinaletwa taarifa za kamati.

Kuna ajenda moja watu wanaipuuza, inaitwa yatokanayo. Ni pale wajumbe wanapoangalia kama walichoagiza kikao kilichopita kimefanyika. Ukiona choo cha stendi kimetajwa kwenye yatokanayo vikao vitatu mfululizo na jibu ni "utekelezaji unaendelea", hapo hakuna kinachoendelea.

Kikao cha baraza ni cha wazi. Unaruhusiwa kuingia, kukaa nyuma na kusikiliza, ila huruhusiwi kuchangia. Baraza likijigeuza kuwa kamati, kwa mfano kujadili nidhamu ya watumishi, wageni mnaombwa kutoka.

Lakini ukweli ni kwamba ukifika siku ya baraza, mengi yameshapikwa. Jikoni ni kwenye kamati, hasa Kamati ya Fedha, ambayo hukaa kila mwezi. Huko ndiko wanakopitia mapato na matumizi mstari kwa mstari. Likifika barazani, mara nyingi mwenyekiti anauliza kama wajumbe wanaafiki, mikono inapanda, wanahamia ajenda inayofuata. Kwa hiyo diwani wako akiwa mjumbe wa Kamati ya Fedha, mwulize yeye, tena kabla ya baraza.

Kuchelewa kunaanzia hapa

Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai na kuisha 30 Juni. Watu wengi wanaanza kupiga kelele mwezi wa tano au wa sita, wakisikia Bunge la bajeti kwenye redio. Muda huo umeshapitwa.

Mahitaji yanatakiwa yaanzie kwenye mkutano wa mtaa, yaende Kamati ya Maendeleo ya Kata ambayo diwani ndiye mwenyekiti wake, halafu halmashauri. Wakati huohuo Hazina inashusha ukomo wa bajeti, yaani kiwango ambacho halmashauri haitakiwi kukivuka. Wataalamu wanapunguza orodha ili ienee humo. Baraza kwa kawaida linaijadili bajeti Januari au Februari, kisha inapanda mkoani, TAMISEMI na mwisho Bungeni.

Sasa hesabu mwenyewe. Kama choo hakikusemwa mtaani mwishoni mwa mwaka uliopita, kukiingiza katikati ya mwaka maana yake ni kuhamisha fedha kutoka kifungu kingine. Hilo nalo lina vibali vyake.

Hela inatoka wapi

Mishahara ya walimu na wauguzi hutoka Serikali Kuu, pamoja na ruzuku za miradi mikubwa. Kinachobaki mikononi mwa halmashauri ni mapato ya ndani: ushuru wa soko, stendi na machinjio, leseni za biashara, vibali vya ujenzi, ushuru wa huduma. Kwa mji mdogo hicho si kikapu kikubwa. Kikivuja kidogo tu, kinachokufa kwanza ni vitu kama choo.

Ndiyo maana risiti ya mashine ya POS si karatasi ya kutupa. Mia mbili uliyolipa bila risiti huenda haikufika benki.

Jambo jingine la kuuliza: je, choo hicho kinaendeshwa na halmashauri au kimepewa mzabuni? Miji mingi inakodisha huduma za namna hii. Mzabuni analipa kiasi walichokubaliana, kinachozidi ni chake. Hapo swali la maji linahamia kwenye mkataba: nani anatengeneza pampu ikiharibika? Diwani asiyeujua mkataba huo atarushiana mpira na mzabuni mpaka uchaguzi ufike.

Kuna pia ile asilimia 10 ya mikopo isiyo na riba. Tangu 2018 ipo kwenye sheria: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa Aprili 2023 baada ya malalamiko ya vikundi hewa na mikopo isiyorejeshwa, ikarudi 2024 na utaratibu mpya. Inahesabiwa baada ya kutoa mapato lindwa, yaani yale ambayo tayari yana kazi yake, kama michango ya huduma za afya. Tuseme mji umekusanya bilioni 2, na milioni 500 zimelindwa. Asilimia 10 inatoka kwenye bilioni 1.5 iliyobaki: milioni 150. Wanawake milioni 60, vijana 60, wenye ulemavu 30. Usikubali kuambiwa ni asilimia 10 ya kila kitu, na usikubali kuambiwa haipo.

Visivyo vyao

Barabara za mitaa, tangu 2017, ziko chini ya TARURA. Diwani anaweza kuwaita TARURA barazani wajieleze, lakini shimo la mbele ya nyumba yako halimo kwenye kasma ya mkurugenzi. Kodi ya jengo tangu 2021 unaikatwa kupitia LUKU. Bomba la mtaani ni la mamlaka ya maji.

Baada ya hela kutumika

Manunuzi sasa hupitia mfumo wa NeST, ulioanza kutumika mwaka 2023. Halafu anakuja mkaguzi. CAG anakabidhi ripoti kwa Rais mwishoni mwa Machi, inawasilishwa Bungeni, na kamati ya LAAC inawaita wakurugenzi kujibu.

Utasikia halmashauri inajisifu imepata hati safi. Hati safi inasema vitabu vya hesabu vimeandikwa inavyotakiwa. Haisemi kwamba choo kina maji. Hoja zenyewe ziko ndani ya ripoti, na baraza hukaa kikao maalum kuzipitia moja moja, mara nyingi viongozi wa mkoa wakiwepo. Kati ya vikao vyote vya mwaka, binafsi naona hiki ndicho cha kuacha shughuli ukakisikilize. Tarehe yake mwulize afisa mtendaji wa kata yako, au angalia ubao wa matangazo pale ofisini kwake.