Kijitabu cha Sokoni Bokoli na Uongo wa Mwaka 1903

Katika soko la Bokoli, magharibi mwa Kenya, penye safu ya mitumba na malapa, mchuuzi mmoja hutandaza vijitabu juu ya gunia: nyimbo za ibada, tafsiri za ndoto, dawa za mitishamba. Mwezi uliopita alinitolea kimoja kutoka chini ya vingine. Kilikuwa na kurasa thelathini na kitu, kimetolewa fotokopi ya fotokopi hadi herufi zimeanza kufifia, na kimebanwa kwa pini mbili zilizoshika kutu. Hakina jina la mwandishi wala mwaka. "Mwalimu, hiki ndicho wakubwa hawataki usome," aliniambia kwa sauti ya chini, kisha akataka shilingi 50. Nikampa.

Nilikisoma usiku huohuo. Kinadai kwamba kuna baraza la siri la wazee wa Kiyahudi linaloendesha mabenki, magazeti na vita vya dunia nzima. Ndani yake wameingizwa Wafreemason, Illuminati na namba ya mnyama wa Ufunuo. Ukiyaondoa mapambo hayo, kinachobaki ni kitabu kimoja cha zamani, Itifaki za Wazee wa Sayuni. Historia ya kitabu hicho imepita karibu sana na mashamba yetu, na ndiyo maana naiandika.

Aprili 1903, wakati wa Pasaka, Wayahudi 49 waliuawa katika mji wa Kishinev, ambao leo ndio mji mkuu wa Moldova. Mamia walijeruhiwa, nyumba na maduka yao yakavunjwa na kuporwa. Kabla ya hapo, gazeti la Bessarabets la mtu aitwaye Pavel Krushevan lilikuwa limewachochea watu kwa wiki nyingi. Kijana mmoja Mkristo alikuwa ameuawa katika mji wa Dubossary, na gazeti likaeneza kwamba Wayahudi wamemwua ili watumie damu yake katika ibada. Ilikuja kujulikana kwamba aliuawa na jamaa yake mwenyewe, lakini umati ulikuwa umekwisha kuamini.

Damu ya Kishinev ndiyo iliyomsukuma Theodor Herzl, kiongozi wa Wazayuni, yaani Wayahudi waliotafuta nchi yao wenyewe, kuitazama kwa uzito ahadi ya Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza. Chamberlain alikuwa amepita huku kwa reli mwezi Desemba 1902, akaiona nchi ya juu yenye baridi, akawaza kwamba Wayahudi waliokuwa wakikimbia Urusi wangeweza kupewa makao hapa. Ardhi iliyotajwa ni uwanda wa Uasin Gishu, mashariki yetu, ng'ambo ya Mto Nzoia. Ulimwengu uliita mpango ule "Uganda" kwa sababu hadi 1902 sehemu hizi, pamoja na Bukusu yote, zilihesabiwa kuwa upande wa Uganda.

Agosti 1903 mkutano wa Wazayuni mjini Basel, Uswisi, ulipiga kura. Wajumbe 295 walikubali tume itumwe kuiangalia ardhi, 178 wakakataa. Wengi wa waliokataa walitoka Urusi, hata wa Kishinev wenyewe: walitaka nchi ya mababu zao, si nyingine. Tume ya watu watatu ilifika mapema 1905, na mwaka huohuo mkutano uliofuata ukaukataa mpango. Walowezi wa Kizungu wakiongozwa na Lord Delamere walikuwa wameupinga tangu mwanzo, kisha mwaka 1908 Makaburu wakaja na magari yao ya ng'ombe kukaa palepale. Wanandi na wafugaji wengine wa uwanda ule hawakuulizwa na yeyote, si 1903 wala 1908, na dhuluma hiyo ni ya Waingereza waliogawa kisichokuwa chao.

Sasa tazama tarehe. Mkutano wa Basel ulikwisha mwishoni mwa Agosti. Hazikupita wiki tatu, gazeti la Znamya la St. Petersburg likaanza kuchapisha Itifaki kwa mfululizo. Mwenye gazeti hilo alikuwa Krushevan yuleyule. Watu ambao aliwachochea wenzao wawaue walikuwa wakihangaika kutafuta mahali pa kulaza watoto, wakipiga kura juu ya ardhi wasiyoijua, naye akawatangazia Warusi kwamba hao ndio wanaoitawala dunia kwa siri. Sijui uongo mwingine uliomtukana marehemu waziwazi namna hiyo.

Mwaka 1905 Sergei Nilus, Mrusi aliyezama katika mambo ya mafumbo na ujio wa Mpinga Kristo, aliziingiza Itifaki ndani ya kitabu chake cha dini. Kwa mkono wake uchochezi wa gazetini ukavaa kanzu ya unabii, na hivyo ndivyo unavyotembea hadi leo. Kijitabu changu cha shilingi 50 ni mjukuu wa Nilus.

Itifaki zenyewe ziliibwa kutoka kitabu kingine, na wizi huo ulifichuliwa Agosti 1921. Philip Graves, mwandishi wa The Times ya London aliyekuwa Istanbul, alipata kitabu cha Kifaransa cha Maurice Joly kilichochapwa 1864. Kilikuwa kikimshambulia mfalme Napoleon wa Tatu, na ndani yake Wayahudi hawapangi njama yoyote. Graves aliviweka vitabu viwili sambamba, aya kwa aya. Joly alikuwa amemfanya mtawala wake ajisifu kwamba magazeti yake yatakuwa na mikono mingi kama mungu Vishnu wa Wahindu. Katika Itifaki, wazee wa Kiyahudi wanamtaja Vishnu huyohuyo, kwa hoja ileile. Mzee gani wa sinagogi angeapa kwa Vishnu? Aliyenakili alisahau kufuta nyayo.

Mwaka 1935 mahakama ya Bern, Uswisi, ilitamka kwamba Itifaki ni maandishi ya kughushi. Haikuzuia kitu. Henry Ford, tajiri wa magari, alikuwa amekwisha kuzieneza Marekani kwa gazeti lake kabla ya kuomba radhi mwaka 1927. Hitler alizitaja katika kitabu chake, na shule za Wanazi zikazifundisha. Wayahudi milioni sita waliuawa.

Kwa nini basi kijitabu kinanunuliwa Bokoli, mahali ambapo wengi hawajawahi kumwona Myahudi? Naamini ni kwa sababu machungu yetu ni ya kweli. Kiwanda cha karatasi cha Pan Paper hapo Webuye kilifungwa mwaka 2009, na kijana aliyekua akiuona moshi wake angali anauliza ni nani aliyemnyang'anya kazi. Kijitabu kinamjibu haraka: wazee wa siri, mbali sana. Jibu la kweli liko kwenye madeni, kwenye mikataba, kwenye sahihi za watu tunaoweza kuwaita na kuwahoji. Kila anayeamini wazee wa Sayuni huwaachia hao wapumzike.

Na Wayahudi si wa mbali vile. Mwaka 1919 Semei Kakungulu, jenerali wa Kiganda aliyewatumikia Waingereza kisha wakamvunja moyo, alisoma Agano la Kale na kuamua kutahiriwa. Wenzake kanisani walipomwambia kwamba tohara ni ya Wayahudi, akajibu kwamba basi yeye ni Myahudi. Akajitahiri pamoja na wanawe, karibu na Mbale, Uganda, katika nchi ya Wagisu, ndugu wa damu wa Wabukusu ambao nao hutahiri kila Agosti ya mwaka wa shufwa. Wafuasi wake huitwa Abayudaya.

Septemba 1972 Idi Amin, mtawala wa Uganda, alimpelekea Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa telegramu ya kumsifu Hitler kwa kuwaua Wayahudi. Chini ya utawala wake ibada za Abayudaya zilipigwa marufuku. Walisali kwa kujificha, wengi wakabadili dini, na jumuiya ya watu wapatao 3,000 ikabaki na takriban 300. Hao ndio "watawala wa dunia" wa kwetu: wakulima wa kahawa na ndizi, wenye majembe kama yetu. Mwaka 2004 walianza kuuza kahawa yao katika ushirika mmoja na Waislamu na Wakristo. Kiongozi wao wa dini, Gershom Sizomu, alichaguliwa kuwa mbunge mwaka 2016, na kura zilizompa kiti zilitoka kwa majirani wasio Wayahudi.

Ndugu msomaji wa Bokoli, Kimilili au Kitale, kama unacho kijitabu hicho nyumbani, usimpe mtoto akisome kama historia. Mwandikie kwenye jalada, kwa kalamu, yale ambayo mchapaji aliyaficha: kiliibwa kwa Maurice Joly, kikachapishwa na Pavel Krushevan, St. Petersburg, 1903.