Jinsi ya kucheza michezo ya Windows kwenye kompyuta ya Linux

Una kompyuta iliyotumika yenye Linux, iwe Giheta au kambi ya Kinama, Muyinga, na mchezo ulionao ni wa Windows (.exe)? Huhitaji kununua Windows. Wine, programu ya bure iliyoanza mwaka 1993, hugeuza maagizo ya mchezo yaeleweke na Linux.

Kwenye Ubuntu:

1. Ukiwa na intaneti, andika kwenye terminali: sudo apt install wine
2. Fungua mchezo: wine mchezo.exe (weka jina la faili lako)

Zingatia: virusi vya Windows vinaweza kupitia Wine na kufuta faili zako. Kwanza hifadhi nakala za vyeti na hati za ukimbizi kwenye flashi nyingine. Usifungue mchezo kwa sudo.

Baadhi ya michezo, kama Fortnite, haikubali. Kwa watoto, GCompris ni ya bure na haihitaji Wine.