Juala na Turubai ni Ndugu

Wasee, siku ukiona turubai la UNHCR limechanika kule Kakuma, chungulia pale penye mpasuko. Utaona nyuzi nyeusi katikati ya tabaka mbili nyeupe. Ule weusi ni masizi, karibu kama ya sufuria ya shosho. Yamewekwa makusudi, kulinda plastiki dhidi ya jua.

Plastiki yenyewe ni polithini. Eric Fawcett na Reginald Gibson waliipata kwa bahati Uingereza mwaka 1933, wakijaribu gesi ya ethilini chini ya presha kubwa. Ni minyororo mirefu ya kaboni. Maji yanateleza juu yake, wino haushiki, na jua kali linaikatakata.

Miaka ya 1950 wanakemia wakaanza kuipandikiza, vile mkulima hupandikiza embe. Unaipiga mionzi, mnyororo unapata nafasi, molekuli nyingine inashika hapo na kuota kama tawi. Utando uliopandikizwa asidi ya akriliki ukakubali maji na chaji za umeme kupita, ukaingia kwenye betri ndogo za saa. Kumbe plastiki haina tabia moja. Inakuwa vile tumeamua.

Sasa turudi Turkana. Juala ni polithini iliyotengenezewa safari moja, duka hadi nyumbani. Lodwar ikabaki kunasa kwenye miiba na kuingia tumboni mwa mbuzi, mpaka marufuku ya 28 Agosti 2017. Turubai pia ni polithini, ila lilifumwa na kutiwa masizi ndiyo lidumu. Molekuli ni ile ile. Nia ndiyo tofauti.

Na hapo ndipo naumia. Kambi ya Kakuma ilianza 1992, vijana waliokimbia vita Sudan walipofika. Turubai lilikuwa la muda tu. Miaka zaidi ya 30 baadaye, kuna watu wa rika langu waliozaliwa kambini. Mama wa Kiturkana hujenga kwa matawi na makuti ya mkoma akijua atahama mwenyewe na mifugo yake. Mkimbizi hakuulizwa.

Kemia ilijitahidi turubai likae zaidi. Lakini tukisema tu "plastiki ni mbaya", tunakwepa swali gumu: nani aliamua kwamba binadamu aishi kwa muda, maisha yake yote?