Mlevi Haponi Peke Yake

Ukizungumza na wazee wa Kakamega, msomaji, utasikia habari za chungu cha busaa. Busaa ni pombe ya unga uliochachuka na kimea cha wimbi. Wazee walikizunguka chungu kimoja, kila mmoja na mrija wake mrefu, wakinywa na kuzungumza mambo ya mahari, mashamba na maziko. Usidhani ya kuwa zamani hizo hapakuwa na mlevi. Alikuwako, lakini alikunywa mbele ya macho ya watu, na chungu kilipokwisha ilimpasa kungoja nafaka nyingine ichachuke.

Hali hiyo haikudumu. Dhahabu ilipovumbuliwa karibu na Kakamega mwaka 1931, watu wengi walifuata kazi ya ujira, na penye ujira pombe hupata soko. Chang'aa, ile pombe kali ipatikanayo kwa kuchemsha na kukusanya mvuke, haihitaji chungu wala duara la wazee. Gilasi moja yatosha, na mtu aweza kuinywa gizani, peke yake.

Dawa mbili zilijaribiwa. Ya kwanza ilikuwa mahubiri. Wamisionari wa Quaker walifika Kaimosi, kusini ya Kakamega, mwaka 1902, wakawafundisha waumini waache pombe kabisa. Na wengi waliacha. Ya pili ilikuwa sheria. Mwaka 1980 chang'aa ilipigwa marufuku nchini Kenya, lakini biashara haikufa, ilijificha tu. Mwezi wa Novemba 2000, watu zaidi ya 100 walikufa Nairobi kwa pombe haramu iliyotiwa methanoli. Mwaka 2010 sheria nyingine ikaifuta ile ya kwanza, ikaruhusu chang'aa iliyotengenezwa kwa leseni na kutiwa katika chupa. Lakini sheria humkamata muuzaji, na kiapo humfaa mwenye nguvu ya kukishika. Ni nani basi amsaidiaye yule aliyeapa mara kumi, akaanguka mara kumi?

Jibu lilitoka kwa walevi wenyewe. Mwaka 1840, wanywaji sita wa mji wa Baltimore, Marekani, waliahidiana kuacha pombe na kusimuliana hadharani yaliyowapata. Chama chao kilienea upesi, kisha kikafifia baada ya miaka michache. Karibu karne moja baadaye, mwezi wa Mei 1935, dalali wa hisa aitwaye Bill Wilson alikuwa katika hoteli mjini Akron, shauri lake la biashara limevunjika. Alikuwa ameacha pombe miezi mitano tu, na sauti za wanywaji katika baa zilimvuta. Hakuingia baa, alikwenda kwenye simu akatafuta mlevi mwingine wa kuzungumza naye. Akapelekwa kwa Bob Smith, daktari mpasuaji, ambaye alikubali kumsikiliza kwa robo saa tu. Walizungumza hata usiku. Daktari alikunywa mara ya mwisho tarehe 10 Juni 1935, na siku hiyo huhesabiwa kuwa mwanzo wa chama cha Alcoholics Anonymous, yaani walevi wasiotajwa majina.

Taratibu zao ni nyepesi. Hakuna ada, atakaye kuacha pombe hukaribishwa, lisemwalo ndani halitolewi nje. Mtu husimama, husema jina lake la kwanza, husimulia anguko lake, nao husikiliza bila kumcheka. Mwaka 1957 mvulana mmoja wa California, mwana wa mlevi, alianzisha mikutano kama hiyo kwa vijana wenye wazazi walevi.

Je, haya yafaa kwetu? Huko Eldoret, wataalamu waliwajaribu wagonjwa 614 wenye virusi vya UKIMWI waliokuwa wakinywa pombe. Waliofundishwa katika vikundi namna ya kuikataa pombe, kwa Kiswahili, na washauri wasio madaktari, walipunguza kunywa kuliko wale waliofundishwa mambo mengine ya afya. Matokeo hayo yalitangazwa mwaka 2021.

Huenda wayasoma haya ukiwa bwenini, nawe wamkumbuka baba, mama au kaka aliyeshikwa na ulevi. Usione haya kuuliza. Anzia hospitali ya rufaa mjini Kakamega au kituo cha afya kilicho karibu, maana aliyezoea kunywa sana akiacha ghafula aweza kutetemeka, hata kupata kifafa, naye yampasa kutazamwa na mganga kwanza. Uliza huko, na kanisani au msikitini, kama kuna kikundi cha wanaoacha pombe. Aweza pia kupiga simu 1192 ya NACADA, idara ya serikali ya kupambana na ulevi, bila malipo. Kama kikundi hakipo, kumbuka ya kuwa kile cha Akron kilianza na watu wawili.

Wahenga walisema kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Babu zetu walikaa duara kuuzunguka mtungi. Wajukuu wao waweza kukaa duara vile vile, mtungi ukiwa umeondolewa katikati, na mazungumzo yakibaki.